Sabato Iliyoangukia Ijumaa

Ng'ombe aliandikwa. Phanice hakuandikwa.

Karani wa masijala alilipekua faili mbele na nyuma kama mtu anayetafuta jiwe kwenye mchele, kisha akalilaza juu ya kaunta, ameridhika kwamba halina kasoro. "Marehemu Onyiego Mose," akasoma. "Mali aliyoacha: shamba la ekari mbili na nusu, Nyansaria. Ng'ombe wa maziwa, mmoja. Pampu ya kunyunyizia dawa, moja, mbovu. Watoto aliowaacha: Josiah Osoro. Basi."

"Na mimi?"

"Wewe nani?"

"Phanice. Msichana wake."

"Hapa hauko, mama."

"Na ng'ombe iko?"

"Ng'ombe iko."

"Hiyo ng'ombe mimi ndio nakamua!"

Foleni nyuma yake ikacheka. Mzee mmoja aliyekuja na kesi yake ya mpaka akamwambia, "Mama, makosa ni yako. Ungezaliwa na pembe."

Phanice hakucheka. Josiah, kaka yake mkubwa, mwenye duka la simiti na mabati mjini Kisii, alikuwa amempa hadi mwisho wa mwezi awe ametoka katika nyumba ya mama yao. Alimwambia hivyo kwa simu, kwa sauti ile ile anayouzia misumari. Nyumba hiyo, na nusu ekari ya majani chai inayoteremka kutoka mlangoni hadi mtoni, ndiyo yote aliyokuwa nayo Phanice chini ya mbingu. Alirudi kwao miaka tisa iliyopita, wakwe walipomfungia mlango baada ya kumzika mumewe. Akamzika mama. Kisha akamuuguza baba hadi naye akaenda.

Karani hakuwa mtu mbaya. Alishusha sauti. "Sikiliza. Kaka yako ameomba kusimamia mirathi. Ameapa mzee hakuacha wosia. Chifu wenu ameandika barua kwamba mtoto ni mmoja. Ikatangazwa kwenye gazeti rasmi la serikali, siku thelathini, mwenye kupinga apinge. Leo ni siku ya ishirini na sita."

"Nani husoma hilo gazeti?"

Karani akafikiri kwa uaminifu. "Sijawahi kumwona."

"Lakini wosia ulikuwa. Baba, Tata wangu, alisema."

"Aliandika?"

"Alisema. Kwa mdomo, mbele ya watu."

"Mdomo unakubaliwa," karani akasema, akivuta fomu ya pingamizi kutoka kwenye droo. "Lakini lete masikio. Ya watu wawili, na yako usiyahesabu, kwa sababu wewe ndiye unayepewa."

*

Masikio yalikuwapo. Mawili yalikuwa ya Nyamweya, mzee wa kanisa la Waadventista pale Nyansaria, mtu mwembamba aliyekuwa mkweli kiasi kwamba watu walivuka barabara wasije wakamuuliza wanaonekanaje. Mawili mengine yalikuwa ya Obwocha, jirani Mkatoliki, ambaye hakuna kitu alichowahi kuazima kikarudi kizima. Ile pampu mbovu iliyoandikwa mahakamani aliiharibu yeye.

Kwa kweli ni kuirudisha ndiko kulikomleta siku ile ya Machi mzee alipotamka wosia wake. Mzee Onyiego alikuwa amekalishwa kwenye kiti chake, blanketi magotini, kifua kikipiga filimbi. Nyamweya alikuwa amekuja kufungua Sabato pamoja na mgonjwa. Phanice alikuwa amemaliza mapema mapishi yake yote ya siku ya maandalio, na jogoo alikuwa mezani amefunikwa. Lilikuwa jogoo kubwa. Watu wa Nyansaria wanasema lilipochinjwa, majirani watatu walichelewa kuamka wiki nzima.

"Karibu paja, Obwocha," Mzee Onyiego alisema.

"Asante, mzee wangu, lakini yaya, hapana. Ni Ijumaa. Na ni Kwaresima. Nyama leo ni dhambi."

"Ijumaa gani?" Nyamweya akauliza. "Jua limezama. Kwenye hii nyumba Ijumaa imeisha. Tuko ndani ya Sabato."

Obwocha alitoka nje, akaangalia upande wa machweo, akasimama huko kitambo akipatana na dhamiri yake, kisha akarudi na kunawa mikono. "Ni kweli," akasema. "Jua halipo." Akachukua paja.

Mzee Onyiego alicheka hadi akakohoa, akakohoa hadi Phanice akamshika mgongo. Alipopata pumzi, kicheko kilikuwa kimemtoka usoni.

"Kwa vile mko hapa," alisema, "sikieni. Hii nyumba ya mama yao, na majani chai ya hapa chini, ile nusu ekari, ni ya Phanice. Asitolewe na mtu. Josiah achukue zile ekari mbili zingine. Wale wasichana wengine watatu wameolewa, wana kwao. Mmesikia?"

"Tumesikia," wakasema wawili.

"Basi nipe mchuzi."

*

Jibu la Josiah lilifika kwa barua ya wakili. Wakili aliitwa Machogu, na barua zake zilikuwa na mhuri mkubwa hadi karatasi ikakosa nafasi ya maneno. Phanice alimpa bintiye Linda, aliyekuwa na kibanda cha kutuma pesa sokoni, aisome.

"Mathe, hawabishi. Wanakubali babu, Sokoro, alisema."

"Asante Yesu."

"Ngoja kwanza. Wanasema alisema, halafu akachelewa."

"Akachelewa kwenda wapi?"

Linda aliangalia karatasi, akamwangalia mama yake. "Kukufa."

Phanice aliketi juu ya ndoo.

"Ni sheria, mathe. Nime-check kwa simu pia. Wosia wa mdomo ukishasema unaishi miezi mitatu. Mwenye kusema asipokufa ndani ya hiyo miezi mitatu, maneno yana-expire. Kama bando. Wanasema Sokoro alisema Ijumaa, tarehe tatu Machi. Miezi mitatu ikaisha Jumamosi, tarehe tatu Juni, saa sita usiku. Cheti cha kifo kinasema tarehe nne Juni, saa kumi na moja asubuhi."

"Kwa hivyo ni siku moja."

"Si hata siku. Ni masaa tano."

Saa tano zile Phanice alikuwa anazijua moja moja. Alikuwa amekaa wodini kwenye kiti cha plastiki, akimgeuza baba yake ubavu huu na ule, akimtilia maji mdomoni kwa kijiko, akimwambia Tata, usilale, Tata, ngoja kukuche. Na mzee, ambaye maisha yake yote hakuwahi kumtii mtu, safari ile alitii. Akangoja hadi kukakaribia kucha.

"Kama ningelala," akasema baadaye, na mara akajipiga kofi mdomoni mwenyewe, Linda akaruka kumshika mkono.

Jioni hiyo hiyo Nyamweya na Obwocha waliitwa. Nyamweya alisomewa barua, akakunja uso. "Tarehe tatu? Nani amesema tarehe tatu? Tulikuwa tumefungua Sabato. Sabato hiyo ilikuwa tarehe nne."

Linda alihesabu kwa vidole. Tarehe nne Machi, tarehe nne Juni.

"Mzee," akasema polepole, "ukisema hivyo kortini, tumewini."

"Sisemi ili tuwini. Nasema kwa sababu ilikuwa Sabato."

"Sema Sabato," Phanice akamwambia, "na usiongeze kitu, omogaka, mzee wetu. Tafadhali. Neno moja tu."

"Nitajibu nitakachoulizwa," Nyamweya alisema, na Phanice, aliyemfahamu, akaogopa.

Obwocha alikuwa na shida yake nyingine. "Na ile habari ya kuku," akasema. "Lazima itajwe?"

Phanice aliwapigia simu dada zake watatu, wa Magwagwa, wa Masimba na wa Marani, awaombe wasimame naye. Wa Magwagwa alisema yuko sokoni hasikii vizuri. Wa Masimba alisema ataombea. Orpah, wa Marani, alisema wazi. "Mimi nimeolewa, Phanice. Nikionekana kortini nadai shamba la kwetu, watu wa bwanangu watasema nimerudi. Usiniandike."

"Sijasema nikuandike."

"Basi usinitaje."

*

Kesi ilipangiwa Septemba. Septemba hakimu alikuwa semina. Novemba faili lilipotea, likaonekana Januari chini ya faili la akina Onyiego wengine kabisa, ambao kesi yao ilikuwa ya mbuzi, na inasemekana mbuzi yule alibaki kidogo tu agawiwe nusu ekari. Machi wakili Machogu aliumwa jino. Mei jino lilipona lakini Josiah akawa amesafiri kununua mabati. Kila mara Phanice aliamka, akakamua ng'ombe aliyeandikwa, akavaa blauzi yake ya kanisani, akateremka mlima, akakaa kwenye benchi la mbao hadi saa saba, kisha mtu akatokea mlangoni na kutaja tarehe nyingine. Alizoea benchi lile hadi watu wakamwuliza yeye choo kiko wapi.

Josiah hakumtoa nyumbani, maana pingamizi lilikuwa limezuia kila kitu. Lakini kila walipokutana kwenye kibaraza cha mahakama alimpita akimwambia wakili wake, kwa sauti ya kusikika, "Huyu ndiye mgeni wetu."

Mara ya kwanza Phanice alilia. Mara ya tano alimjibu, "Mgeni anakaa kwake. Wewe ndiye unakuja na gari."

*

Siku ya kusikizwa ilipofika, hakimu alikuwa mpya, mama wa kutoka pwani, mwenye mtandio na sauti ya chini iliyofanya chumba kizima kisogee mbele. Phanice hakuwa na wakili. Alisimama mwenyewe.

Obwocha alitangulia. Alikuwa amevaa koti la harusi yake, na alipopanda kizimbani macho yake yalikimbia nyuma ya chumba na kugongana na macho ya Onsongo, katekista wa parokia, aliyekuja kusikiliza kwa sababu hakuwa na kazi siku hiyo.

"Obwocha, Tata alisema nini?" Phanice akauliza.

Obwocha alisema yote, bila kukosea hata neno.

"Ilikuwa siku gani?"

"Jumamosi!" Obwocha alipaza sauti kama anayenadi mbuzi.

Machogu aliinuka akitabasamu. "Bwana Obwocha, miaka zaidi ya miwili imepita. Wewe hukumbuki hata deni. Utakumbukaje siku?"

"Nakumbuka kwa sababu ya kuku."

"Kuku?"

"Nilikula kuku. Paja. Na ilikuwa Kwaresima. Mkatoliki hali nyama Ijumaa ya Kwaresima. Sasa kama nilikula kuku, itakuwaje Ijumaa?"

Watu wakaguna kwa kukubali. Katekista Onsongo aliitikia kwa kichwa, mwenye fahari. Hata hakimu aliinua kalamu na kuandika, na Machogu akasimama pale mdomo wazi, kwa sababu katika miaka yote ya uwakili hakuwahi kupingwa na paja la kuku. Phanice alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu mazishi.

Kisha akaitwa Nyamweya.

"Mzee Nyamweya," Phanice alisema, "siku hiyo ilikuwa siku gani?"

"Sabato."

Phanice aliona mkono wa hakimu ukiandika. Aliketi haraka, kabla neno la pili halijatoka.

Machogu hakuinuka mara moja. Alikuwa mtoto wa nyumba ya Kiadventista yeye pia, ingawa siku hizi Sabato ilimkuta zaidi akiosha gari. Alizungusha kalamu yake. Ndipo akasimama.

"Sabato, saa ngapi?"

"Jioni."

"Jioni ya Sabato. Mzee, nina swali moja tu, kisha uende nyumbani. Mlikuwa mnafungua Sabato, au mlikuwa mnaifunga?"

Hakuna mtu chumbani aliyezaliwa Gusii ambaye hakuelewa. Inafunguliwa Ijumaa jua likizama, inafungwa Jumamosi jua likizama. Nyamweya angesema kufunga, ingekuwa Jumamosi jioni, tarehe nne, na mambo yamekwisha. Alimwangalia Phanice. Phanice aliangalia sakafu. Mzee alizungusha kofia yake mikononi hadi karani akadhani amesahau swali.

"Kufungua," Nyamweya akasema.

"Na Bwana Obwocha alikula kuku wakati huo?"

"Alikula. Mimi ndiye nilimwambia Ijumaa imekwisha."

Huko nyuma shingo ya katekista Onsongo iligeuka taratibu kama mlango wa benki. Obwocha alianza kufunga na kufungua vifungo vya koti.

Hakimu aliuliza mwenyewe, kwa upole. "Mzee, kwa kalenda ya serikali?"

"Kwa kalenda ya serikali, mheshimiwa, ilikuwa Ijumaa. Lakini Onyiego hakusema maneno yale ndani ya kalenda ya serikali. Aliyasema nyumbani kwake."

Phanice naye alipanda. Machogu hakumsumbua sana, hakuhitaji.

"Usiku wa Jumamosi ile, wewe ndiye ulikuwa hospitalini?"

"Ni mimi."

"Saa sita usiku ilipopita, marehemu alikuwa hai?"

"Alikuwa hai."

"Una hakika gani? Labda alikuwa ameshakata roho, muuguzi akachelewa kuandika."

Ulikuwa mlango, maana kama mzee alikufa kabla ya saa sita wosia ungesimama, na wakili, kwa kiburi cha mtu aliyekwisha kushinda, ndiye aliyeufungua. Linda, kwenye benchi la mbele, aliukaza mwili wote.

"Alikuwa amenishika kidole," Phanice alisema. "Saa nane aliniomba maji. Saa tisa aliniuliza kama ng'ombe amekamuliwa. Nikamwambia ndiyo, ingawa sikujua. Huyo si mtu aliyekufa."

*

Uamuzi ulisomwa Ijumaa. Dada watatu walikuja. Habari zilikuwa zimepanda milima yote, na hata asiyetaka kutajwa hutaka kusikia. Walikaa benchi la mwisho, wamefunga vitambaa hadi nyusi.

"Kwetu pwani," hakimu alianza, "usiku hutangulia mchana wake. Mtu akiniambia usiku wa Jumamosi, mimi najua ni huu unaotangulia. Kwa hiyo Mzee Nyamweya nimemwelewa, na naamini hakusema uongo. Lakini sheria ya mirathi haikuzaliwa kwetu wala kwenu. Siku yake inakatika saa sita za usiku. Marehemu alisema tarehe tatu Machi na alifariki tarehe nne Juni. Wosia huo hauna nguvu."

Josiah alimpiga wakili wake begani. Phanice hakusogea. Aliona nusu ekari yake ikienda, mstari kwa mstari, kutoka mlangoni hadi mtoni.

"Sijamaliza, Bwana Osoro. Mahakama hii sasa inamhesabu marehemu kuwa hakuacha wosia, kama ulivyoomba mwenyewe. Mke wake alitangulia. Basi mali ni ya watoto wake, sawa kwa sawa, mwanamume na mwanamke, aliyeolewa na asiyeolewa. Watoto ni wangapi?"

Josiah alisimama. "Wa... wanaotambulika?"

"Waliozaliwa."

"Watano," Phanice alisema akiwa ameketi, na alipoambiwa asimame akasimama, akawataja wote watano, majina ya ubatizo na ya nyumbani, na hakimu akayaandika akiyarudia moja moja kwa sauti. Akasema barua ya chifu na kiapo cha Josiah vilikuwa na uongo, na kwamba hilo atalirudia. Josiah na Phanice watasimamia mirathi pamoja. Warudi baada ya miezi sita na mapendekezo, nani apate kipande kipi. Anayetaka kuacha fungu lake aje mwenyewe aseme mbele yake. Wasipoelewana, atatumwa mpimaji.

Mwenye duka la mabati hahitaji kikokotoo. Ekari mbili na nusu kwa watu watano. Wosia ule aliopigana nao miaka miwili ulikuwa umempa ekari mbili. Sasa alikuwa na nusu.

*

Aliwakuta wote kwenye kibaraza, na kwa mara ya kwanza hakumwita mtu mgeni.

"Dada zangu," alisema. "Hii ni maneno ya karatasi. Sisi ni watu wa nyumba moja. Mtasema tu mmekataa, tunarudi kwa vile Tata alitaka."

"Tata alitaka nini?" Orpah aliuliza.

"Ekari mbili kwangu, na Phanice akae pale kwake."

"Si wewe umelipa wakili aseme Tata alichelewa?"

"Orpah, wewe umeolewa. Ulisema usitajwe."

"Nilisema. Ungeniletea hiyo karatasi mwaka juzi ningesaini bila hata kusoma." Orpah alifungua kitambaa chake, akakifunga tena. "Leo nimekaa pale nyuma, nikasikia mama mwenye mtandio anasoma jina langu. Orpah, binti Onyiego. Marani kule miaka ishirini naitwa mama Bravin. Mimi sikatai kitu."

Wa Magwagwa na wa Masimba walitazamana. Wa Masimba, yule wa kuombea, akakohoa. "Na mimi nilikuwa nafikiria. Kama ni kugawa, upande ule wa majani chai ndio mzuri. Uko karibu na barabara."

"Hata mimi niliuona," akasema wa Magwagwa.

Phanice aliwageukia. Nyayo zake zilikuwa zimeichimba barabara ile ya mahakama peke yake. Hakuna aliyeshika hata kona ya faili.

Josiah aliinamia sikio lake, harufu ya ushindi wa asubuhi ikingali kwenye shati lake jipya. "Unaona? Ongea nao. Wakikataa wao, nyumba na majani ni yako, naandika leo leo. Au mwambie Nyamweya arudi ndani. Si alisema Sabato? Aseme tena Sabato."

Nyamweya, aliyekuwa akivaa kofia yake hapo karibu, alisema bila kugeuka, "Ilikuwa Sabato. Wewe ndiye ulileta Ijumaa."

"Phanice," Josiah akasihi. "Ongea nao basi!"

"Ongea nao wewe," Phanice alisema. "Mimi gari la majani linapita saa kumi, na jua likizama sishiki kazi. Nitakuwa pale shambani. Anayetaka upande ule atanikuta nikichuma."

Akashika mkono wa Linda, akaanza kuteremka ngazi. Alikuwa amefika langoni aliposikia viatu nyuma yake, vya haraka, vya mtu asiyezoea visigino.

Alikuwa Orpah. Alitembea kando yake hatua kadhaa, akihema, akitazama mbele.

"Kikapu cha pili kipo?" akauliza.

Phanice hakujua kama dada yake anakuja kumsaidia au anakuja kuona mpaka utapita wapi. Aliwaza kwamba pengine Orpah mwenyewe hajui. Kikapu kilikuwapo, nyuma ya mlango. Walitembea hadi barabara kuu kabla Phanice hajasema kwamba kipo.